Kuweka GNS3 kwenye kompyuta yako na kuwasha rauta ya MikroTik ndani yake

Siku niliyojifungia nje ya rauta yangu mwenyewe nilikuwa nimekaa sebuleni, na rauta iko juu ya paa la ghorofa, mitaa mitatu kutoka kwangu. Niliandika sheria moja ya fayawoli, yaani mlinzi wa rauta anayeamua nini kipite, nikabonyeza Enter, skrini ikaganda. Sheria ile ilikuwa inazuia kila kinachotaka kuongea na rauta, nami nikiwamo. Ilikuwa saa mbili usiku, watu ndio wanarudi majumbani, na simu zao zote zilikuwa zinaiuliza rauta ile ile majina ya tovuti. Haikupita dakika tano nikapigiwa: "Mwanangu, mbona mtandao umekata, na vocha nimenunua sasa hivi?" Nikamwambia mama avumilie kidogo, nikaenda kuazima ngazi.

Tangu usiku ule sina amri ninayoijaribu kwanza kwenye rauta ya wateja. Ninaijaribu kwenye kompyuta, ndani ya GNS3, na mwongozo huu ni wa kuiweka programu hiyo mpaka iwashe rauta ya MikroTik, nayo izigawie intaneti kompyuta mbili za kuigiza. Nimechagua MikroTik kwa sababu ndiyo wengi wetu tunaofanya Wi-Fi ya mtaa tunakutana nayo, na pia kwa sababu mfumo wake unapatikana bure kihalali. Hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana; nitalirudia.

GNS3 ni nini, na Packet Tracer je?

Packet Tracer, programu ya kujifunzia mitandao ya kampuni ya rauta ya Cisco, inaigiza. Ukiandika amri, programu inakuonyesha jibu ambalo rauta ya Cisco ingetoa, kwa zile amri walizoziingiza. Ni nyepesi: wenyewe wanataka RAM ya GB 4 iliyo wazi na nafasi ya GB 1.4 kwenye diski, na unaipata bure kwa kufungua akaunti ya Networking Academy. Kama uko chuo na mtihani wako ni CCNA, cheti cha Cisco, anza na hiyo, wala usijisumbue na mengine kwanza.

GNS3 haiigizi namna hiyo. Inawasha mfumo wenyewe wa rauta, ule ule unaokaa kwenye kifaa, ila badala ya kukaa kwenye chuma unakaa kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tupu, ndani ya kompyuta yako. Mizizi yake ni Dynamips, programu ambayo Mfaransa Christophe Fillot alianza kuiandika mwaka 2005 ili mfumo wa rauta za Cisco uweze kuwaka kwenye kompyuta ya kawaida. Jeremy Grossmann akaja kuijengea sura ya kuburuta na kuunganisha kwa kipanya, ndiyo GNS3. Leo inawasha vifaa vya kampuni nyingi kupitia QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Faida yake ni kwamba ukikosea, unaona kosa lile lile ambalo ungeliona juani juu ya paa. Hasara yake ni kwamba inakula RAM na ina mambo mengi ya kupanga kabla haijakubali kuwaka. Wengi wanaokata tamaa hukata hapa, si kwenye mtandao wenyewe.

Kabla ya kununua bando

Angalia kompyuta yako kwanza. RAM ya GB 8 inatosha kwa zoezi hili bila wasiwasi. Ukiwa na GB 4 na Ubuntu bado utafika, maana rauta moja ya MikroTik inaridhika na MB 256, lakini funga kivinjari chenye tabo thelathini. GB 4 na Windows, ukiongeza na mashine pepe ya GNS3 juu yake, ni kutafuta presha.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo huua kazi za wengi: uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe lazima uwe umewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows au Ubuntu haijawaka. Kompyuta nyingi tunazotumia ni mtumba, ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizokuwa maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai, na nyingi zinakuja uwezo huo ukiwa umezimwa. Kuujua:

Kwenye Windows, fungua Task Manager, nenda "Performance", bonyeza "CPU", kisha tazama chini upande wa kulia palipoandikwa "Virtualization". Inatakiwa isome "Enabled".

Kwenye Ubuntu, fungua terminali uandike:

sudo apt install cpu-checker
sudo kvm-ok

Ukijibiwa "KVM acceleration can be used", endelea; KVM ni sehemu ya Linux inayoutumia uwezo huo. Ukiambiwa imezimwa na BIOS, zima kompyuta, iwashe huku unagonga kitufe cha kuingia BIOS: Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Tafuta "Intel Virtualization Technology", au "SVM Mode" kama prosesa ni AMD. Washa, hifadhi, toka.

Ukikuta BIOS inadai nenosiri, ni la ofisi ya zamani iliyokuwa na mashine hiyo. Mrudishie aliyekuuzia kabla hujaanza kuipendelea. Mimi sasa hivi, nikienda kununua kompyuta ya mtumba, naingia BIOS mbele ya muuzaji kabla hata sijauliza bei.

Upande wa data: faili la kusakinishia GNS3 kwa Windows si kubwa, lakini lenyewe huendelea kuvuta vitu vingine mtandaoni wakati wa kusakinisha, kwa hiyo usikate intaneti katikati. Mashine pepe ya GNS3, ambayo watu wa Windows wataihitaji, inazidi GB 1. Mfumo wa MikroTik ni mdogo, haufiki MB 100. Watu wa Ubuntu mmepona: hamuhitaji hiyo mashine pepe kubwa.

Na hapa niseme msimamo wangu. Kama una nafasi ya GB 40 kwenye diski, weka Ubuntu pembeni ya Windows na ufanyie kazi hii huko. QEMU ni mwenyeji wa Linux. Kwenye Windows unaikodishia nyumba ndani ya nyumba. Ndiyo maana njia ya Ubuntu naieleza kwa kirefu, na ya Windows nitaipitia baadaye kwa zile sehemu zinazokwamisha tu.

Kusakinisha kwenye Ubuntu

Tumia toleo la Ubuntu lenye alama ya LTS, yaani linalotunzwa kwa miaka mingi, kama 22.04 au 24.04. Matoleo ya katikati yanaweza yasiwe na vifurushi vya GNS3, na utajibiwa kwamba hazina hiyo haina "Release file".

Ongeza hazina ya GNS3, kisha usakinishe:

sudo add-apt-repository ppa:gns3/ppa
sudo apt update
sudo apt install gns3-gui gns3-server

Katikati ya kazi terminali itageuka rangi na kukuuliza maswali mawili. La kwanza, je, mtumiaji wa kawaida aruhusiwe kuendesha GNS3? La pili, je, aruhusiwe kunasa pakiti kwa Wireshark, programu ya kutazama data inavyopita? Jibu ndiyo yote mawili. Usigonge Enter kwa mazoea, kwa sababu swali la Wireshark huwa limekaa kwenye "No". Kitufe cha Tab au vishale vitakupeleka kwenye "Yes". Kama umeshapita haraka, hujaharibu kitu:

sudo dpkg-reconfigure ubridge
sudo dpkg-reconfigure wireshark-common

Sasa hakikisha QEMU na libvirt zipo. Libvirt ndiyo itakayotupa mlango wa kutokea intaneti:

sudo apt install qemu-system-x86 qemu-utils libvirt-daemon-system libvirt-clients

Kisha jiingize kwenye makundi yanayoruhusiwa kugusa vitu hivi:

sudo usermod -aG ubridge,libvirt,kvm,wireshark $USER

Baada ya amri hii ondoka kwenye akaunti yako kabisa na uingie tena, au zima kompyuta uiwashe. Kufunga terminali peke yake hakutoshi. Andika "groups" uone kama majina yote manne yamo. Ukiona kundi moja halipo, usiendelee mbele ukitumaini litajitokeza, rudia amri.

Mwisho, hakikisha mtandao wa ndani wa libvirt unafanya kazi:

sudo virsh net-list --all

Unatakiwa uone mtandao unaoitwa "default" ukiwa "active". Kama umelala:

sudo virsh net-start default
sudo virsh net-autostart default

Mtandao huu unatumia anwani za 192.168.122.0/24, na kompyuta yako yenyewe inakuwa 192.168.122.1. Kumbuka namba hizo.

Kuifungua mara ya kwanza

Fungua GNS3 kwenye menyu ya programu. Itakuuliza vifaa viendeshwe wapi. Kwa Ubuntu chagua kuendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe, "local computer". Ukurasa unaofuata utaonyesha njia ya seva, /usr/bin/gns3server, anwani 127.0.0.1 na mlango 3080. Viache vilivyo. Ikikuambia seva imeunganishwa, umemaliza kazi ngumu kuliko zote.

Kwenye matoleo ya 3 seva ina watumiaji wake, na ukiombwa jina na nenosiri kwa mara ya kwanza ni admin na admin. Matoleo ya 2.2, ambayo yalianza kutoka mwaka 2019 na bado yako kwenye kompyuta nyingi, hayasumbui na hilo.

Kama uko Windows

Pakua kifurushi cha "all-in-one" kwenye tovuti ya gns3.com, watakutaka ufungue akaunti. Wakati wa kusakinisha, acha alama kwenye Npcap, Wireshark na VPCS. Mwishoni utaulizwa kama unataka vifaa vya SolarWinds, kataa, huvihitaji.

Sasa mashine pepe ya GNS3. Namba ya toleo lake lazima ilingane na ya GNS3 mpaka tarakimu ya mwisho. Ukiwa na 2.2.50 upande huu na 2.2.49 upande ule, havielewani. Nimewahi kukaa na kijana mmoja siku nzima ya Jumamosi tukitafuta mchawi, kumbe aliipata mashine pepe kwa rafiki yake kwenye flashi. Pakua vyote viwili siku moja, kwenye ukurasa mmoja.

Mashine pepe hiyo iendeshe kwa VMware Workstation Pro. Zamani ilikuwa ya kununua, lakini tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtu, ila kuipakua unahitaji akaunti ya Broadcom, kampuni iliyoinunua VMware mwaka 2023. VirtualBox nayo inakubali, kwa shida kidogo.

Ukiiwasha, skrini nyeusi ya mashine pepe itaandika taarifa zake, na mstari wa kuutazama ni "KVM support available". Lazima iwe "True". Ikiwa "False", au VMware ikilalamika kwamba VT-x (uwezo ule ule wa prosesa) haikubaliki kwenye mashine yako wakati BIOS umeshaiwasha, mwizi ni Hyper-V ya Windows yenyewe, imeukalia uwezo huo. Fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Washa kompyuta upya. Isipotosha, zima "Memory integrity" ndani ya Windows Security, sehemu ya "Core isolation". Jua kwamba ukifanya hivi WSL 2, Linux ya ndani ya Windows, nayo italala. Ukitaka kuirudisha, rudia amri ile ukiweka auto badala ya off. Na ukimaliza mazoezi rudisha Memory integrity, ile ni kinga ya kompyuta yako.

Kuanzia hapa njia zinakutana, isipokuwa kwamba wewe wa Windows popote nitakaposema "kompyuta yako" utachagua "GNS3 VM".

Kuingiza MikroTik

MikroTik, kampuni ya Latvia, inatoa mfumo wake wa RouterOS katika sura ya kuendeshea kwenye mashine pepe, unaitwa CHR. Leseni ya bure haina tarehe ya kwisha. Kikwazo chake ni kwamba kila mlango unatoa data kwa kasi isiyozidi Mbps 1. Kwa kujifunzia hilo si kitu, ila usije ukapima kasi humo ndani halafu ukasema rauta mbovu.

Nimesema nitalirudia suala la uhalali. Mfumo wa rauta za Cisco haugawiwi bure kuendeshwa kwenye GNS3, na GNS3 wenyewe hawautoi. Utakuta mtu kwenye kundi la simu anakurushia faili la c3725 au c7200 kama anayegawa kashata. Leseni huna, na faili lenyewe hujui limepitia mikono ya nani. Anayehitaji Cisco atumie Cisco Modeling Labs au abaki na Packet Tracer.

Nenda mikrotik.com, ukurasa wa kupakua, teremka mpaka "Cloud Hosted Router", chukua faili la "Raw disk image" la toleo la 7. Litakuja limefungwa kama zip. Lifungue ubaki na faili linaloishia na .img, GNS3 haikubali zip, na hili nalo huwapotezea watu muda.

Ndani ya GNS3, bonyeza "File", kisha "New template", chagua kusakinisha kutoka seva ya GNS3. Kwenye kundi la "Routers" tafuta MikroTik CHR, bonyeza "Install". Utaonyeshwa orodha ya matoleo. Kama toleo ulilopakua lipo, lichague, bonyeza "Import" na uelekeze kwenye faili lako. Kama ni jipya kuliko orodha, weka alama kwenye "Allow custom files" kisha uliingize kwenye nafasi ya toleo lililo karibu nalo. Kubali mpaka mwisho. Rauta itatokea kwenye safu ya kushoto.

Mtandao wa kwanza

Fungua mradi mpya, upe jina. Buruta uwanjani vitu hivi: "NAT" moja (ndiyo mlango wa kutokea intaneti), MikroTik CHR moja, "Ethernet switch" moja, na "VPCS" mbili, ambazo ni kompyuta ndogo sana za kupimia, hazili RAM. Bonyeza alama ya waya, unganisha NAT na ether1 ya rauta, ether2 na swichi, na kila VPCS na swichi. Bonyeza pembetatu ya kijani. Nukta nyekundu zikigeuka kijani, vimewaka.

Bonyeza mara mbili rauta. Dirisha litafunguka, subiri nusu dakika. Jina ni admin, nenosiri hakuna, gonga Enter. Itakuuliza kama unataka kusoma leseni, jibu n, kisha itakutaka uweke nenosiri jipya. Weka la kweli. Tabia ya kuacha admin bila nenosiri huanzia maabara ikaishia mitaani.

CHR tayari inaomba anwani kwenye ether1. Thibitisha:

/ip dhcp-client print

Ukiona "bound" na anwani ya 192.168.122 kitu fulani, rauta yako ya kuigiza iko intaneti. Iandike anwani hiyo pembeni, tutaitumia.

Sasa upande wa wateja:

/ip address add address=10.10.10.1/24 interface=ether2
/ip pool add name=wateja ranges=10.10.10.10-10.10.10.200
/ip dhcp-server add name=mtaa interface=ether2 address-pool=wateja disabled=no
/ip dhcp-server network add address=10.10.10.0/24 gateway=10.10.10.1 dns-server=8.8.8.8
/ip firewall nat add chain=srcnat out-interface=ether1 action=masquerade

Fungua PC1, yaani VPCS ya kwanza, andika:

ip dhcp
ping 8.8.8.8

Usishangae PC1 ikipewa namba ya juu kabisa kama 10.10.10.200, MikroTik ina kawaida ya kugawa kuanzia juu. Ping ikijibu, zoezi limekamilika. Isipojibu, jaribu kwanza kupiga ping 10.10.10.1. Hiyo ikijibu na 8.8.8.8 ikakataa, umekosea mstari wa NAT, ule wa mwisho wenye masquerade. Hiyo nayo isipojibu, angalia waya: mara nyingi mtu amechomeka swichi kwenye ether3.

Kabla hujaendelea, bonyeza kulia kwenye waya kati ya rauta na swichi, chagua "Start capture". Wireshark ikifunguka, rudi PC2 uandike ip dhcp. Utaziona pakiti nne zikipita kwa zamu, Discover, Offer, Request na Ack. Mimi nilifanya kazi ya mtandao muda mrefu nikijua DHCP, utaratibu wa kugawa anwani, kwa jina tu. Dakika hiyo moja ya kuzitazama zikipita ilinifaa kuliko kurasa nyingi nilizosoma.

Yakikataa

"KVM acceleration cannot be used" maana yake BIOS haijawashwa, au hujaingia kwenye kundi la kvm, au umeingia lakini hukuondoka kwenye akaunti na kurudi.

"uBridge requires root access" maana yake ulijibu "No" kwenye lile swali la kwanza. Rudi kwenye dpkg-reconfigure.

NAT ikilalamika kuwa virbr0 haipo, mtandao wa libvirt umelala. Amri ya virsh net-start iko juu.

GNS3 ikishindwa kufika seva yake kwenye mlango 3080, kwa Windows mtuhumiwa wa kwanza ni antivirasi au fayawoli. Ruhusu gns3server.exe, usizime antivirasi yote. Kwa Ubuntu, huenda seva ya jana haijafa:

sudo ss -tlnp | grep 3080

Na umeme. Rauta ikikatiwa ghafla inaweza kupoteza ulichoandika dakika za mwisho, sawa na kifaa cha kweli. Ukimaliza kazi andika /system shutdown ndani ya rauta kabla ya kubonyeza mraba mwekundu. VPCS nazo husahau kila kitu usipoandika save.

Sasa jifungie nje

Hili ndilo zoezi nililowekea programu hii. Usitumie dirisha la GNS3 kwa sasa, maana lile ni sawa na kuchomeka waya wa konsoli moja kwa moja kwenye rauta. Wa Ubuntu, fungua terminali ya kompyuta yako uingie kama unavyoingia rauta ya mbali, kwa ile anwani uliyoiandika pembeni:

ssh admin@192.168.122.x

Weka tarakimu zako badala ya x. Ukipenda WinBox, programu ya MikroTik ya kusimamia rauta, toleo lake la 4 linakubali Linux, na anwani ni hiyo hiyo. Wa Windows, NAT yako imo ndani ya mashine pepe na kompyuta haiioni moja kwa moja, kwa hiyo chomeka CHR ya pili kwenye swichi kwa mlango wake wa ether1, iiwashe, na kwenye konsoli yake andika:

/system ssh address=10.10.10.1 user=admin

Kisha popote nitakapoandika ether1 kwenye sheria, wewe weka ether2.

Kwanza fanya kosa kama langu:

/ip firewall filter add chain=input in-interface=ether1 action=drop

Skrini imeganda. Rudi kwenye dirisha la GNS3, ambalo kwa leo ndilo ngazi yako, ingia, andika /ip firewall filter print, ione sheria ilivyokaa, kisha uifute:

/ip firewall filter remove 0

Ingia tena kwa ssh. Safari hii, kabla ya kuandika chochote, bonyeza Ctrl na X. Neno SAFE litatokea pembeni ya jina la rauta. Andika sheria ile ile. Skrini itaganda vile vile. Usiguse kitu. Kaa kwenye dirisha la GNS3, kila baada ya dakika moja andika /ip firewall filter print. Sheria ipo. Ipo. Chai yako imepoa, ipo. Muunganisho uliokatika huchukua kama dakika tisa kuhesabiwa kuwa umekufa, na ukishahesabiwa hivyo rauta inafuta yote uliyoyaandika ukiwa kwenye SAFE.

Mara ya kwanza nilipoliona jedwali lile limebaki tupu nilinyanyuka kitini. Kesho yake nikairudisha ngazi ya watu.